Muguka: mpe mtoto jibu, si hotuba

Nyinyi vijana wa vilabu vya sekondari hapa Mombasa mnaokwenda kuzungumza na wadogo zenu wa shule za msingi, wacheni hotuba. Mtoto wa Kisauni au Likoni ashaambiwa muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni mbaya. Asichojua ni aseme nini pale maskani, binamu yake akimnyooshea kiganja.

Basi igizeni. Mmoja wenu awe huyo binamu, majani mkononi, chingamu mfukoni: "Onja tu, wewe si mtoto tena." Mtoto ajibu kwa maneno yake, mafupi: "Sitaki, nina mpira jioni." Halafu aondoke, kwelikweli, atoke hadi mlangoni. Arudie mpaka aache kucheka. Asijieleze sana, maana anayejieleza hubembelezwa.

Sigara ina jibu jepesi zaidi. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo anayetumwa dukani aseme, "Mimi siuziwi."

Na wa kumpeleka mbele si lazima awe mwenye alama nzuri. Mchezaji wa timu ya mtaa husikilizwa zaidi. Ila anayetafuna abaki nyumbani. Watoto wanawajua wote.