Namna ya Kukagua na Kufuta Vumbi Kwenye Kioo cha Kale cha Kiitalia Chenye Fremu ya Dhahabu

Kabla hujagusa fremu ya kioo cha mtindo wa baroki, yaani ule wa nakshi nyingi wa karne ya 17 na 18, iwe ilichongwa Roma, Florence au Venice, weka maji mbali. Dhahabu yake ni utando mwembamba uliolazwa juu ya udongo mwekundu laini, na chini ya udongo huo kuna tabaka jeupe la jasi na gundi ya ngozi. Vyote hivyo hulainika vikilowa, kwa hiyo kitambaa kibichi kikipita mara moja juu ya ukingo wa nakshi, dhahabu huondoka nacho.

Anza kwa macho. Elekeza taa ya mkononi kutoka ubavuni, ili vivuli vikuonyeshe majani ya mmea wa akanthasi yanavyojikunja, makombe ya baharini, na vitoto vyenye mabawa. Fundi aliyechonga kwa patasi hakurudia jani kwa usawa kamili; majani ya kushoto na kulia yakilingana hata kwa kasoro zake, yaelekea yalitolewa kwenye kalibu, jambo lililoenea katika karne ya 19. Kisha mwombe mtu akusaidie kuigeuza, mtazame mgongo. Mimi huuamini mgongo kuliko uso, maana uso hupakwa upya mara nyingi, lakini alama za patasi na mbao iliyozeeka huachwa zilivyo.

Huenda pia hiyo si dhahabu. Mafundi wa Italia walibandika tando nyembamba za fedha na kuzipaka vanishi ya manjano iitwayo meka, nayo hupendeza kwa namna yake. Usiipanguse kwa spiriti, kwani vanishi ikitoka, fedha iliyobaki wazi huwa nyeusi.

Kioo chenyewe, kikiwa kimetengenezwa kabla ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig kubuni upakaji wa fedha kwenye vioo mwaka 1835, kina bati na zebaki mgongoni. Zebaki ni sumu. Usikwangue mgongo huo, wala usipulizie dawa ya kusafishia vioo, kwa kuwa hutiririka hadi chini ya fremu.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya manyoya, kutoka juu kwenda chini, bila kusugua. Kipande cha nakshi kikilegea, acha kupiga brashi hapo hapo. Kikidondoka, kitie kwenye bahasha, andika kilitoka upande gani, ukihifadhi hadi fundi wa ukarabati atakapokirudisha.