Somo: Kulitambua jiwe kwa kulipima

Mtu akiokota jiwe la kuvutia, kitu cha kwanza kutaja ni rangi yake. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Kwatsi peke yake huja nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya kahawia kama moshi, na nyingine haina rangi kabisa, ilhali yote ni madini yale yale. Mara nyingi rangi huletwa na chembe ndogo sana za kitu kingine zilizoingia wakati jiwe likijijenga. Kwa hiyo katika somo hili rangi ya nje tunaiweka pembeni, tunapima mengine kwanza.

Andaa sarafu ya shaba, kisu cha chuma, kipande cha kioo, kigae cha kauri chenye upande usiopakwa rangi wala kung'arishwa, sumaku, lenzi ya kukuza mara 10, mizani ndogo, uzi na kikombe cha maji. Na daftari. Andika kila jibu, hata lile la "hapana", kwa sababu utambuzi huu ni kazi ya kuondoa majina moja moja mpaka yabaki machache.

Hatua ya 1: Pata uso mbichi. Osha jiwe kwa brashi. Kama limeota kutu au limechakaa, vunja kipembe chake (vaa miwani ya kinga) upime pale palipovunjika.

Hatua ya 2: Mng'ao. Jiulize, linang'aa kama chuma au la? Galena (madini yenye metali ya risasi) na pairaiti (madini ya manjano yanayodhaniwa dhahabu) zinang'aa kama chuma. Nyingine zinang'aa kama kioo, lulu, hariri au nta, na nyingine zimefifia kama udongo.

Hatua ya 3: Rangi ya unga. Sugua jiwe kwenye kigae, tazama mstari unaobaki. Mimi nakipenda kipimo hiki kuliko vyote, kwa sababu unga haubadiliki ovyo kama uso wa jiwe. Hemataiti, madini yenye chuma, inaweza kuwa nyeusi yenye mng'ao wa fedha, au nyekundu iliyofifia, lakini unga wake ni wa kahawia nyekundu daima. Magnetaiti, inayofanana nayo sana, huacha unga mweusi. Pairaiti ni ya manjano kwa nje, unga wake mweusi wenye ukijani kidogo. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Ukipata mstari mweupe usifurahi mapema, maana madini mengi yasiyo na mng'ao wa chuma huacha mweupe. Tena kigae chenyewe kina ugumu wa karibu 7 (namba hizi zinaelezwa Hatua ya 4), hivyo jiwe gumu zaidi litakikwangua kigae, na unga utakaouona ni wa kigae.

Hatua ya 4: Ugumu. Jiwe gumu hukwaruza lililo laini kuliko lenyewe. Kipimo tunachotumia, kuanzia 1 laini kabisa hadi 10 gumu kabisa, kilitungwa mwaka 1812 na Mjerumani Friedrich Mohs: talki 1, jasi 2, kalisaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, felspa ya othoklesi 6, kwatsi 7, topazi 8, korundi 9, almasi 10. Ukucha wako ni kama 2.5, sarafu ya shaba kama 3, kisu na kioo vyote karibu 5.5.

Kosa kubwa hutokea hapa. Umepitisha kisu juu ya jiwe, ukaona mstari wa kijivu unaong'aa, ukaandika "laini kuliko kisu." Ngoja. Lowesha kidole gumba, sugua ule mstari. Ukifutika, basi kisu ndicho kilicholika na kuacha chuma chake juu ya jiwe. Ukibaki, pitisha ncha ya ukucha juu yake. Mkwaruzo wa kweli ni mfereji, ukucha utanasa. Kisha geuza kipimo: jiwe likwaruze kisu. Majibu mawili yakikubaliana, andika.

Hatua ya 5: Linavyopasuka. Ulanga hupasuka upande mmoja tu, ukabandua tabaka nyembamba kama karatasi. Chumvi ya mawe hupasuka kwa pembe za mraba. Kalisaiti nayo hupasuka pande tatu, ila vipande vyake vimeinama kama boksi lililosukumwa ubavuni. Kwatsi haina mpasuko, yaani haipasuki kwa nyuso bapa. Huvunjika kwa mikunjo ya duara kama chupa nene iliyovunjika.

Hatua ya 6: Uzito kulinganisha na maji. Pima jiwe likiwa kavu. Weka kikombe cha maji kwenye mizani, irudishe sifuri, kisha zamisha jiwe likining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Gawanya uzito mkavu kwa namba utakayosoma. Jiwe la gramu 53 likisomeka 20 ndani ya maji, jibu ni 2.65: hiyo ni kwatsi. Lingekuwa galena, yenye 7.5, mizani isingefika hata gramu 8. Kipimo hiki kinataka madini ya aina moja. Jiwe lenye mchanganyiko litakupa namba isiyo na maana.

Sumaku jaribu mwishoni. Ikinasa kwa nguvu, fikiria magnetaiti. Kuonja mawe acha kabisa: galena ina metali ya risasi, na madini yaitwayo sinaba yana zebaki, zote ni sumu.

MASWALI

Mwalimu, jiwe langu linakwaruza kioo. Ni almasi?
Ndugu yangu, kwatsi pia inakwaruza kioo, na felspa pia. Kioo kinakuambia tu kwamba umevuka 5.5. Na usijaribu kwa nyundo, maana almasi ina mpasuko na hupasuka vizuri tu.

Nina doa la manjano ndani ya jiwe jeupe, ni dogo mno kusugua kwenye kigae. Nifanyeje?
Likandamize kwa ncha ya sindano ukitazama kwa lenzi. Dhahabu itabonyea. Pairaiti haitabonyea, itakataa au itamomonyoka. Ulanga uliochakaa utabanduka magamba. Pia ligeuzegeuze kivulini: dhahabu hubaki na rangi ile ile, ulanga humeta na kuzima.

Kwatsi na kalisaiti zote ninazo nyeupe, na asidi ya kuzitofautisha kwa mapovu sina. Nifanyeje?
Kisu kinatosha: kalisaiti itachorwa, kwatsi haitachorwa. Ukitaka uhakika zaidi, saga chembe kidogo udondoshee siki. Unga wa kalisaiti utatoa mapovu. Na kama kipande chako ni angavu, kiweke juu ya maandishi. Kwenye kalisaiti utaona kila herufi mara mbili.

Je, kito kilichokwisha kukatwa? Siwezi kukikwaruza.
Usikikwaruze. Tumia hatua ya 6. Jiwe kubwa jekundu kwenye taji la Uingereza liliitwa yakuti kwa karne nyingi, kumbe ni spineli, madini mengine kabisa. Yakuti nyekundu ina 4.0, spineli karibu 3.6, na tofauti hiyo mizani inaiona. Ila karati moja ni gramu 0.2 tu, hivyo kwa kito kidogo mizani ya kusoma gramu nzima haifai. Tafuta inayosoma hadi elfu moja ya gramu.