Namna ya Kukisia Kuhusu Uhai wa Kale wa Mirihi

Hakuna ubaya katika kukisia. Vyombo kadhaa vilivyotua Mirihi vilipelekwa huko kwa sababu kuna watu waliokisia jambo kwanza, kisha wakatafuta njia ya kulihakiki. Kinachotenganisha kisio lenye manufaa na porojo ni kwamba kisio lenye manufaa hutamka mapema ni ushahidi gani utakaoliangusha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuandika, kufundisha au kujadili suala la uhai wa kale katika sayari hiyo jirani, na ambaye angependa hoja zake zisimame hata mbele ya mjuzi wa miamba.

Anza kwa kulibana kisio lako. Kusema kwamba Mirihi iliwahi kuwa na uhai hakutoshi, kwa kuwa kauli hiyo haielezi ni uhai wa aina gani, wa enzi gani wala wa mahali gani. Miamba inaonyesha kwamba zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita palikuwa na mito na maziwa chini ya angahewa nzito kuliko ya sasa, na kwamba sayari ilikuja kupoteza uga wake wa sumaku pamoja na sehemu kubwa ya hewa yake. Leo mgandamizo wa hewa huko haufikii hata asilimia 1 ya ule wa usawa wa bahari hapa duniani, hivyo maji yakimwagwa juu ya ardhi hayadumu katika hali ya kimiminika. Kisio linaloheshimu historia hiyo litahusu viumbe vya seli moja vilivyoishi katika tope la ziwa au ndani ya nyufa za mwamba, katika enzi ambayo duniani kwenyewe hatujui kiumbe kilichokuwa kikubwa kuliko hivyo. Anayekisia miji na minara analazimika kwanza kueleza wajenzi wake walipata wapi muda wa kutokea, na kwa kawaida mjadala hukomea hapo.

Usijenge hoja juu ya picha peke yake. Mwaka 1877 mwanaastronomia Giovanni Schiaparelli, akiwa Milan, alichora mistari aliyoiona Mirihi kwa darubini. Percival Lowell, Mmarekani aliyejenga kituo chake cha darubini huko Flagstaff mwaka 1894, alishikilia kwa miaka mingi kwamba hiyo ilikuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na sayari hiyo Julai 1965 kilipiga picha za kreta, yaani mashimo yaliyoachwa na vimondo, bila mfereji hata mmoja. Vivyo hivyo kwa kilima cha eneo la Cydonia huko Mirihi, ambacho picha ya chombo cha Viking 1 ya mwaka 1976 ilikifanya kifanane na uso wa mtu: picha kali zaidi za chombo cha Mars Global Surveyor, za mwaka 1998 na 2001, zilionyesha kilima kilichomomonyoka tu. Sioni haja ya kulijadili suala hilo zaidi.

Kisha jizoeze kutenganisha mambo mawili ambayo vichwa vya habari huyachanganya mara kwa mara, yaani mahali palipofaa kwa uhai na mahali palipokuwa na uhai. Mwaka 2013 wataalamu wa roboti ya Curiosity, iliyotua katika kreta ya Gale Agosti 2012, walitangaza kwamba mwamba wa tope wa Yellowknife Bay uliwekwa na maji yasiyo na asidi kali wala chumvi nyingi, na kwamba ulikuwa na kemikali ambazo baadhi ya bakteria wa duniani wangeweza kuzitumia kupata nishati. Tangazo hilo lilihusu nyumba. Kuhusu wapangaji halikusema neno.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kila unapokutana na dalili, tafuta kwanza jinsi ambavyo mwamba, maji na joto vingeweza kuitengeneza pasipo kiumbe chochote. Mfano wenye mafunzo mengi ni kimondo ALH84001 kilichotoka Mirihi, chenye uzito wa kilo 1.9 hivi, kilichookotwa katika barafu ya Allan Hills, Antaktika, Desemba 1984. Vimondo vya Mirihi hutambuliwa kwa kemia yake, hasa kwa sababu gesi iliyonaswa ndani ya baadhi yavyo inalingana na hewa iliyopimwa na vyombo vya Viking. Agosti 1996 David McKay wa NASA na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba ALH84001 ina dalili kadhaa ambazo, zikichukuliwa kwa pamoja, zinaashiria viumbe vya kale: chembe za kabonati, molekuli za kaboni zenye umbo la pete zilizoungana, fuwele ndogo za magnetiti (madini ya chuma yenye sumaku) zinazofanana na zile zinazotengenezwa na bakteria fulani wa duniani, na maumbo yaliyofanana na vijiminyoo. Rais Bill Clinton alilizungumzia jambo hilo hadharani, na kwa muda fulani ikaonekana kana kwamba swali limepata jibu.

Fuatilia kilichozipata dalili hizo moja baada ya nyingine. Yale maumbo mengi yalikuwa chini ya nanomita 100, kipimo ambacho ni kidogo mno kubeba vifaa vya seli yoyote tunayoijua. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba kabonati yenye chuma ikipashwa joto ghafla huweza kuzaa fuwele za magnetiti. Molekuli za kaboni za namna hiyo hupatikana hata katika vimondo visivyo na uhusiano wowote na uhai, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Andrew Steele lilionyesha kwamba kaboni ya kimondo hicho inaweza kuelezwa kwa mmenyuko wa maji na mwamba. Hakuna kati ya haya kinachothibitisha kwamba Mirihi haikuwa na uhai. Kilichoondolewa ni ulazima wa kuutaja uhai ili kukieleza kimondo. Dalili nne dhaifu, kila moja ikiwa na maelezo yake mengine, hazijumlishwi zikawa ushahidi mmoja wenye nguvu. Hata hivyo naona makala ya McKay ilikuwa kisio la kupigiwa mfano, kwa sababu ilitaja mambo mahususi yaliyoweza kupimwa, nayo yakapimwa.

Kuwa na tahadhari hiyohiyo pale dalili inapokosekana. Mwaka 1976 jaribio la Gilbert Levin katika vyombo vya Viking lilidondoshea udongo wa Mirihi lishe yenye kaboni ya mnururisho, na gesi ikatoka kama ambavyo ingetoka iwapo vijidudu vingeila lishe hiyo. Kifaa kingine hakikupata kaboni ya kikaboni, yaani kaboni iliyo katika molekuli za aina inayojenga viumbe, iliyoonekana kuwa ya Mirihi, na wanasayansi wengi wakahitimisha kwamba gesi ilitokana na kemia ya udongo wenyewe. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua chumvi za perklorati, ambazo zikipashwa moto huharibu molekuli za kaboni, na kifaa kile cha Viking kilikuwa kikiuchoma udongo ili kuupima. Levin alitetea tafsiri yake hadi alipofariki mwaka 2021. Wengi hawakumfuata, lakini ile hoja ya kutokuwapo kwa kaboni imepungua uzito.

Sasa tumia utaratibu huu kwa jiwe linalozungumzwa zaidi siku hizi. Julai 2024 roboti ya Perseverance, katika bonde la Neretva Vallis ambalo zamani lilipeleka maji katika kreta ya Jezero, ilikuta mwamba wa tope uliopewa jina la Cheyava Falls. Una madoa meupe yenye ukingo mweusi, mithili ya ngozi ya chui, na katika madoa hayo vifaa vya roboti vilitambua madini yanayoelekea kuwa vivianiti, ambayo ni fosfati ya chuma, na greigiti, ambayo ni salfidi ya chuma, karibu na kaboni ya kikaboni. Duniani madini hayo mara nyingi hutokea pale vijidudu vinapoitumia kaboni na kubadili kemia ya tope. Maelezo yasiyohitaji uhai yapo pia, lakini baadhi yake yanadai joto kubwa, na mwamba huo hauonyeshi kwamba uliwahi kuchomwa. Watafiti wenyewe, katika makala yao ya Septemba 2025 katika jarida la Nature, walisema tu kwamba hiki ni kiashiria kinachoweza kuwa cha uhai. Ukilipima jambo hilo kwa kipimo cha ngazi 7 cha uzito wa ushahidi wa uhai, kilichopendekezwa mwaka 2021 na James Green na wenzake wa NASA, utaona kwamba bado liko katika ngazi za chini, kwa kuwa njia zote zisizohusisha uhai hazijaondolewa.

Ukifika kwenye kuandika, chagua vitenzi kwa uangalifu na uweke sharti ndani ya sentensi yenyewe. Viumbe vingi vya duniani hupendelea isotopu nyepesi za salfa, yaani atomu za salfa zenye uzito mdogo kidogo kuliko nyingine, tofauti ambayo maabara kubwa za hapa zinaweza kuipima katika sampuli ya Sapphire Canyon iliyokatwa kutoka mwamba huo, ambayo bado iko Mirihi. Sentensi inayofaa ingekuwa hivi: «Huenda madoa ya Cheyava Falls yalisababishwa na vijidudu vilivyoishi katika tope la Jezero, kisio hili litapata nguvu iwapo salfa ya greigiti itakutwa nyepesi kuliko ya mwamba unaoizunguka kwa kiasi ambacho kemia isiyo na uhai haikifikii, na litaachwa iwapo maabara itatengeneza madoa ya aina hiyo katika tope lenye ubaridi, pasipo kiumbe chochote.»