Inauzwa si imeuzwa: mambo ya kuzingatia kabla hujapanga bei ya nyumba unayoiuza mwenyewe

Nyumba yangu ilikaa na kibao getini miezi 11. Kibao kilipauka mpaka namba ya simu ikawa haisomeki, nikakipaka rangi upya, na bado. Kwa hiyo nikiandika kwa ukali kidogo mnisamehe, haya nimeyalipia.

Kama umeamua kuuza bila dalali, sawa, wengi wanafanya na wanafanikiwa. Ila ujue kwamba dalali mzuri, kuliko hata kuleta watu, ana kazi moja kubwa: kukwambia usoni kuwa bei yako haiuziki. Sasa kazi hiyo unajifanyia mwenyewe, na hakuna mtu mgumu kuambiwa ukweli kama mtu anayeuza kwake.

Anza kwa kuisahau hela unayoihitaji. Deni lako, kiwanja unachokitaka kwingine, mgao wa ndugu, hayo mnunuzi hayamhusu. Sahau na kiasi ulichonunulia. Hili linauma zaidi, na limeshapimwa: mwaka 2001 wachumi David Genesove na Christopher Mayer walichapisha uchunguzi wao kuhusu fleti za Boston, Marekani, katika miaka ya 1990. Waliokuwa wanakaribia kuuza chini ya bei waliyonunulia walichukua asilimia 25 hadi 35 ya pengo la hasara, yaani tofauti kati ya bei waliyonunulia na bei ambayo soko lingewapa, wakaiongeza kwenye bei ya kutangaza. Walikaa sokoni muda mrefu kuliko wenzao. Sitaficha, mwishoni walipata kitu cha ziada, lakini ni asilimia 3 hadi 18 tu ya pengo hilohilo. Kama una muda na subira ya kungojea hicho kidogo, haya. Mimi nilikuwa nangoja huku nalipa mlinzi.

Ukarabati haurudi wote. Jiko ulilolijenga upya kwa ladha yako, mwenzako atakuja alivunje.

Ada ya dalali unayoiokoa usiihesabu yote kuwa yako. Mnunuzi naye ameona huna dalali, na hajaja kwako moja kwa moja ili wewe peke yako ufaidike.

Programu za intaneti zinazokadiria bei ya nyumba zitazame, usiziabudu. Zillow ya Marekani, kampuni iliyojijengea jina kwa makadirio hayo, iliingia kwenye biashara ya kununua nyumba na kuziuza tena, na mwaka 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo, ikikiri kwamba kutabiri bei kumekuwa kugumu kuliko ilivyodhani. Kompyuta haioni unyevu ukutani wala haisikii karakana ya jirani.

Pima nyumba kwa futi kamba, usitaje ukubwa kwa kumbukumbu. Na ujue umepimia wapi, ndani ya kuta au nje, baraza imo au haimo. Mita za mraba za mwenzako zikipimwa nje na zako zikapimwa ndani, hesabu yote imeharibika kabla hujaanza.

Sasa nije mahali nilipoangukia mimi.

Nilifanya kitu nilichodhani ni utafiti. Nilizunguka mtaani na daftari, nikakuta nyumba tatu zinazofanana na yangu, zote zina vibao. Nikapiga simu nikijifanya mnunuzi, nikaandika bei. Tuseme ile ya chini kabisa ilikuwa 100, ili hesabu iwe nyepesi. Ya pili ilikuwa 108, ya tatu 115. Yangu ilikuwa na paa jipya, nikaandika 118 na nikajiona mtu wa kiasi.

Wiki mbili za kwanza watu walikuja hadi nikachoka kufagia. Walisifu madirisha, wakasifu mti wa kivuli, wakasema watarudi. Wiki ya tatu alikuja mmoja. Baada ya hapo simu ikawa inalia kwa mambo mengine tu.

Mwezi wa tano nikampata mtu. Tukavutana, tukakubaliana 110. Alikuwa ananunua kwa mkopo, hivyo benki yake ikamtuma mthamini. Akaja bwana mmoja mpole, akapima, akapanda darini, akagonga kuta, akaandika. Kisha akaniuliza, “Dada, hapa jirani kuna nyumba yoyote imeuzwa karibuni?”

Nikamwambia ziko tatu, nikamtajia na bei zake kwa madaha.

Akaacha kuandika. “Hizo zinauzwa. Mimi nimeuliza iliyouzwa.”

Sikuwa na jibu. Miezi mitano nilikuwa naishi juu ya silabi moja. Nilichokuwa nimekikusanya kwenye daftari ni orodha ya matumaini ya watu watatu, na kama nyumba zao zilikuwa bado zina vibao, sababu mojawapo ilikuwa hizohizo bei nilizozinakili. Nyumba iliyouzwa haina kibao. Ndiyo maana huioni, na ndiyo maana mtu anayetafuta bei kwa kutembea barabarani atakutana na zilizoshindikana tu.

Mthamini akaandika 90. Benki kawaida inakopesha kwa kuangalia kiasi kilicho kidogo kati ya bei mliyopatana na thamani ya mthamini, kwa hiyo yule mnunuzi, juu ya malipo yake ya awali, angetakiwa kutoa mfukoni 20 nyingine. Hakuwa nazo. Aliniomba nishuke, nikaona ananionea. Akaondoka.

Kilichonimaliza kabisa ni kilichofuata. Nilikwenda kwa mzee mwenye ile nyumba ya 115, nikamuuliza, shikamoo mzee, hii bei uliipataje. Akanijibu bila kona: alimwangalia wa 108, akaongeza kidogo kwa sababu ya kisima chake. Wa 108 naye alikuwa amemwangalia wa 100. Mwezi wa saba kikasimama kibao cha nne mtaani, 121, na mama mwenye nyumba akanisalimia kwa furaha akaniambia amenitazama mimi. Mimi! Nilikuwa nimeshageuka ushahidi.

Baadaye nikagundua kuwa mwaka huohuo nyumba mbili zilikuwa zimeuzwa kweli mtaani, kimyakimya, moja 87 na nyingine 92. Yangu ikaja kuuzwa 86, chini ya alichosema mthamini, kwa sababu kufikia hapo kila aliyekuja aliuliza swali moja: mbona imekaa, ina nini? Sikuwa na la kumjibu. Haikuwa na kitu, ilikuwa na bei.

Basi fanya hivi. Tafuta nyumba zilizouzwa, angalau tatu, ziwe za karibu, za ukubwa na umri unaokaribiana na yako, na mauzo yasiwe ya zamani. Ndani ya miezi sita ni vizuri, zaidi ya mwaka soko linaweza kuwa limeshageuka. Palipo na rejista ya ardhi iliyo wazi, kaangalie huko. Pasipo na hiyo, waulize wanasheria wanaoandika mikataba ya mauzo, waulize wathamini, mfuate aliyehamia majuzi umkaribishe jirani kwa heshima kisha umuulize. Wengine watakataa. Wengine watataja namba ya kujisifu. Ndiyo maana usikubali moja peke yake.

Ukizipata, sawazisha, na hapa watu wengi wanageuza hesabu kichwa chini. Unayoirekebisha ni bei ya nyumba iliyouzwa, ili ifanane na yako. Kama yenyewe ilikuwa na gereji na wewe huna, punguza thamani ya gereji kwenye bei yake. Kama wewe una choo cha pili na yenyewe haikuwa nacho, ongeza kwenye bei yake. Uwe mwaminifu na mambo usiyoweza kuyabadilisha: barabara ya kuingilia, mteremko, kelele. Wewe umeshazizoea kelele, mnunuzi atazisikia siku ya kwanza.

Lipa mthamini wako kabla ya kutangaza. Najua ni gharama. Mimi niliiruka nikaja kuilipa mara nyingi, tena kwa mafungu ya kila mwezi.

Zile zenye vibao usizitupe moja kwa moja, lakini zitumie kwa kazi yake: ni washindani wako wa leo. Mnunuzi ataziona zote siku moja. Mimi kwa 118 nilikuwa nawauzia wenzangu nyumba zao, maana mtu akitoka kwangu ile ya 100 anaiona ya bure, ingawa nayo haikuwa na thamani hiyo.

Nafasi ya kupatana acha ndogo. Watu wanaongeza sana wakisema “nitashuka”, wakisahau kwamba anayeona bei haimfai hapigi simu kupatana, anapita tu. Halafu wanunuzi wengi, hasa wanaotafuta mtandaoni, wanaweka ukomo kwenye namba nzima. Ukitangaza 102, wote waliojiwekea ukomo wa 100 hawakuoni kabisa. Bei yako ya mwisho iandike kwenye karatasi kabla mgeni wa kwanza hajagonga, ukiwa umetoa kodi, gharama za kuhamisha umiliki, mwanasheria na deni lililobaki benki, uone mkononi utabaki na nini. Karatasi hiyo asiione mtu wa nje, hata yule anayekuja na maneno matamu.

Ukitangaza, zihesabu wiki. Nyumba mpya sokoni inatazamwa zaidi siku zake za mwanzo. Watu wasipokuja kabisa, au wakija wengi na hakuna anayetaja namba, soko limeshakujibu. Shuka mara moja kwa hatua inayoonekana, usidokoe kidogokidogo kila wiki kama mtu anayeogopa maji; wanunuzi wanaona, na wanakaa kungojea ushuke tena.

Mengine ni ya kawaida lakini nayasema. Hati ziwe tayari na majina yalingane. Kama mmiliki ni zaidi ya mmoja, wote wakubali bei kabla, si mnunuzi akiwa sebuleni. Usipokee wageni peke yako. Pesa ya kushikia nyumba isiingie bila maandishi, na ujumbe wa simu kwamba umetumiwa pesa si pesa, hakikisha benki. Anayekuharakisha sana mchunguze. Anayekubali bei yako bila kuuliza chochote, huyo mchunguze mara mbili.

Na kibao kikishuka, jirani akija kuuliza umeuza ngapi, mtajie ile ya kwenye mkataba. Mama wa 121 nilimtajia 86 yangu. Alininunia wiki nzima, kisha nikamwona anabadilisha kibao.