Kupima kama mabaki ya dawa kwenye samadi yanadumaza mizizi

Mnyama akipewa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria ya jamii ya tetrasaiklini, sehemu kubwa hutoka kwenye kinyesi na mkojo ikiwa bado na nguvu, kisha huingia shambani pamoja na samadi. Ukitaka kujua kama inadhuru mimea, usihesabu mbegu zilizoota. Mbegu huanza maisha kwa akiba yake yenyewe, hivyo zote zinaweza kuota huku mizizi imedumaa. Pima mizizi.

Tafuta samadi mbili mbichi: ya wanyama waliotibiwa, na ya wenzao wanaokula chakula kilekile lakini hawakupewa dawa. Hii ya pili ndiyo roho ya jaribio. Chumvi na amonia nazo hufupisha mizizi, na anayelinganisha samadi na maji matupu huishia kuisingizia dawa. Ziweke kwenye jokofu, nyuzi 4, mbali na mwanga, kwa sababu mwanga huivunja oksitetrasaiklini.

Changanya gramu 20 za kila samadi na mililita 200 za maji yaliyokenekwa. Tikisa kwa saa moja, acha itulie, chuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi ya kuchujia. Zimua kila mchujo upate viwango vya asilimia 100, 50, 25 na 12.5.

Kwa kila kiwango andaa visahani vinne vyenye kipenyo cha sentimita 10. Tandika karatasi ya kuchujia, tia mililita 4, panga mbegu 15 za saladi. Maji yakizidi, mizizi hukosa hewa na kuoza, nawe utadhani ni sumu. Andaa pia visahani vinne vya maji yaliyokenekwa: humo zikiota chini ya 12 kati ya 15, mbegu ni mbovu, anza upya. Funika, weka gizani kwenye nyuzi 25 kwa siku 5.

Pima kwa milimita, kutoka mzizi unapoungana na shina hadi nchani. Gawanya wastani wa samadi yenye dawa kwa wastani wa samadi isiyo na dawa katika kiwango kilekile, zidisha kwa 100. Ikizidi 100 usishangilie: dawa kidogo huweza kurefusha mizizi, na kiwango kikipanda ikaifupisha.

Bakiza miche michache kwenye mwanga kwa wiki moja. Majani yakipauka, shuku tetrasaiklini au siprofloksasini, dawa nyingine ya bakteria. Kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli za majani, ina asili ya bakteria, na dawa hizi huishambulia vivyo hivyo.

Kabla ya kuamua lolote, rudia kwenye vyungu vya udongo wa shamba lenyewe. Mfinyanzi hushika tetrasaiklini kwa nguvu, kwa hiyo madhara ya kwenye karatasi hupungua sana. Dawa za sulfa, kundi jingine la dawa za bakteria, hazishikwi hivyo, hutembea na maji hadi mizizini. Kwa kabamazepini, dawa ya kifafa ya binadamu inayofika shambani kwa maji taka, jaribio hili halifai: hupanda na maji hadi majanini na kurundikana humo bila mmea kuonyesha dalili, na ni maabara tu inayoweza kuiona.