Kujiandaa kumpokea mtoto: maamuzi ya kufanya kabla ya uchungu kuanza

Ujauzito unapoingia mwezi wa saba, familia nyingi hapa Tanzania huanza kukusanya kanga, kofia, soksi na beseni la kumwogeshea mtoto. Vitu hivyo vinahitajika, lakini ndivyo vilivyo rahisi kuliko vyote, kwa kuwa hata jirani anaweza kukuazima kanga usiku wa manane. Kisichoazimika saa hiyo ni uamuzi: nani atakayesema twende, tunakwenda wapi, kwa usafiri gani, kwa fedha ipi, na damu ikihitajika itatoka kwa nani.

Anzeni kwa kujua tarehe ya matarajio. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Aprili atarajie kujifungua karibu na tarehe 17 Januari. Kwa kuwa ni wachache wanaojifungua siku hiyohiyo, kila kitu kiwe tayari ifikapo wiki ya 36. Kliniki ianze mapema, kabla ya wiki 12 kutimia, na mwenzi ahudhurie pia, maana hapo ndipo hupimwa wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya UKIMWI na shinikizo la damu, na ndipo mama hupewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na chanjo ya pepopunda. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe na mtoa huduma angalau mara 8.

Mahali pa kujifungulia pachaguliwe pamoja na mkunga wa kliniki, wala pasichaguliwe kwa ukaribu peke yake. Zahanati ya kijijini yaweza kumhudumia vema mama asiye na tatizo, lakini haina chumba cha upasuaji. Hivyo aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua hana budi kupanga hospitali. Ikiwa hospitali iko mbali, asogee kwa ndugu aliye karibu nayo wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, au aulize kama kuna nyumba ya kusubiria wajawazito.

Sasa nifike kwenye jambo ninalowasihi familia zilizungumze waziwazi. Katika nyumba nyingi mama hawezi kuondoka mpaka mume au mkwe aseme, na mume akiwa safarini saa hupita huku damu ikimwagika. Kubalianeni mapema, mbele ya wote, kwamba dalili ya hatari ikitokea aliye karibu ampeleke bila kusubiri ruhusa ya mtu. Andikeni namba za madereva wawili, wa bodaboda au wa gari, waliokubali kuitwa usiku, kwa sababu mmoja huenda asipatikane; na dharura ikitokea, pigeni bila malipo namba 115 ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga. Fedha iwekwe kidogokidogo, mahali ambapo mama mwenyewe anaweza kuitoa.

Tafuteni pia ndugu wawili au watatu wenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50, walio tayari kuchangia damu. Mama mwenye kundi hasi la damu (kwa mfano O hasi au A hasi) amwarifu mkunga mapema, kwani huenda akahitaji sindano ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu mzima nyumbani: kutokwa damu ukeni, kuumwa sana kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza. Mojawapo ikitokea, ondokeni mara moja.

Mkoba hauhitaji maelezo marefu. Wekeni kadi ya kliniki, kanga nne au tano safi, pedi, nguo na kofia ya mtoto, sabuni, na vifaa vingine vitakavyotajwa na kituo chenu. Mama aliyeajiriwa amjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla, akiambatanisha cheti cha daktari. Likizo yake yenye malipo ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba ana siku 3 ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto.

Mwisho, zungumzeni na bibi atakayekuja kusaidia, kwa heshima na kabla hajafika. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza na apewe dang'a yote, yaani maziwa ya kwanza ya mama, bila maji ya sukari, naye aendelee na maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Aogeshwe baada ya saa 24, na kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Kabla ya kutoka kituoni hakikisheni amepata chanjo ya BCG, ya kukinga kifua kikuu, na matone ya polio, na ombeni tangazo la kizazi, yaani karatasi ya kituo inayoonyesha kuwa mtoto amezaliwa, ambalo mtalitumia kumsajili ndani ya siku 90.