Kabla Namba Haijakutisha: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa na Vipimo vya Afya Nyumbani

Saa nane usiku mama aliniita chumbani kwake. Mashine ya presha ilikuwa imesoma 194 kwa 112, naye alishaanza kuniusia mambo ya nyumba: funguo ziko wapi, nani anadaiwa nini. Nilipowasha taa nikaona mkanda ameufunga juu ya sweta na mkono unaning'inia pembeni ya kitanda. Nikamuuliza kama kifua kinamuuma au anapumua kwa shida, akasema hapana. Nikamvua sweta, nikamkalisha kwenye kiti chenye egemeo, mkono juu ya meza, tukakaa kimya dakika tano nzima. Ikasoma 152 kwa 90. Bado iko juu, na asubuhi tulikwenda kwa daktari, lakini usia ulikuwa wa haraka mno.

Kliniki nesi akatuonyesha kosa jingine ambalo sisi hatukuwa tumeliwazia. Mkanda uliokuja na mashine umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa mama ulipozungushiwa futi ya kupimia, ulikuwa 36. Mkanda mdogo hupandisha namba, na kwa mikono minene sana si kwa kidogo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba wenye kuhitaji mkanda mkubwa kabisa, wakipimwa kwa ule wa kawaida, namba ya juu inapanda kwa karibu 20. Kwa hiyo kabla hujanunua mashine, pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, kisha usome kilichoandikwa kwenye mkanda. Chagua ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kirahisi mkono usipokuwa usawa wa moyo. Angalia pia kama modeli hiyo imewahi kujaribiwa usahihi wake na wataalamu. Orodha ya STRIDE BP, ya mtandaoni yenye mashine za presha zilizopita jaribio hilo, iko wazi kwa yeyote, na mashine kuruhusiwa kuuzwa hakumaanishi kwamba imepita jaribio hilo.

Ukishainunua, ibebe siku ya kliniki. Upimwe kwa yao na kwa yako, mkono ule ule, kikao kile kile, na urudie hivyo kila mwaka au ikidondoka. Halafu, ukiwa mzima na umetulia, jipime asubuhi na jioni kwa siku saba na uandike kwenye daftari. Hili naliona kubwa kuliko yote, maana usipojua namba yako ya siku za kawaida, namba yoyote ngeni itakutisha. Usipime ndani ya nusu saa baada ya kahawa, sigara au mazoezi, wala kibofu kikiwa kimejaa. Nyayo zikae sakafuni, miguu isipishane, na usiongee. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ajue kwamba mashine hizi humpa namba zinazorukaruka, hivyo amuulize daktari wake apimwe vipi.

Upande wa sukari, tatizo mara nyingi liko kwenye vijiti vya kuwekea tone la damu na kwenye vidole, mashine haina kosa. Ukimenya embe kisha ukajitoboa bila kunawa, unapima embe. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe. Vijiti vikae ndani ya kichupa chao kikiwa kimefungwa, mbali na joto na unyevu, na tarehe ya mwisho isiwe imepita. Tafuta pia yale maji maalumu ya kuhakiki yanayotengenezwa kwa ajili ya mashine yako: ukidondosha tone lake kwenye kijiti, jibu linapaswa kuangukia kati ya namba zilizochapishwa kwenye kichupa. Hata mashine nzuri haitoi namba ile ile kila mara. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 na kipimo cha maabara pale sukari inapofika 100 mg/dL au zaidi. Na angalia kizio: aliyezoea kuona 7 akiazima mashine inayosoma 126 anaweza kupatwa na kiwewe, kumbe ni sukari ile ile, moja kwa mmol/L na nyingine kwa mg/dL. Zidisha ile ya mmol/L kwa 18 upate ya mg/dL.

Neno "HI" kwenye kioo cha mashine ya sukari usilichukulie kama hitilafu. Linamaanisha sukari imepita uwezo wa mashine kusoma, kwa nyingi ni zaidi ya 600 mg/dL. Nawa, rudia mara moja, na likitokea tena nenda hospitali. Wanaovaa kihisi mwilini, kile kinachobandikwa kwenye ngozi na kufuatilia sukari muda wote, wajue kwamba ukikilalia usiku kinaweza kusoma chini na kupiga kengele bure. Toboa kidole uhakikishe hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu waliokaa na kisukari miaka mingi wakati mwingine hawazisikii tena dalili za sukari kushuka.

Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa kuwa kosa lake linaweza kuwa la kukufariji. Rangi ya kucha na vidole vya baridi huvuruga usomaji, basi futa rangi, pasha mkono joto, tulia mpaka namba iache kucheza. Ila rangi ya ngozi haibadilishwi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipimo hivi vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mtu anayehema kwa shida na kushindwa kumaliza sentensi apelekwe hospitali hata kama kioo kinasema 95.

Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kinadanganywa na jasho na jua. Pangusa, subiri kivulini, pima tena.

Mwisho ni karatasi, na iandikwe sasa. Ya mama imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mstari wa kwanza unauliza: unajisikiaje? Kama kuna maumivu ya kifua, kuhema, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito au macho kuona giza, na presha imepita 180 kwa 120, hakuna kupima tena, ni hospitali. Bila dalili hizo, vua sweta, kaa dakika tano, rudia. Ikibaki pale pale, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Usiongeze wala kuacha dawa kwa sababu ya namba moja, na usijipime mara kumi mfululizo, maana hofu yenyewe inaipandisha. Chini kabisa kuna namba mbili za simu kwa herufi kubwa ambazo mama anaweza kuzisoma bila miwani, na betri mpya nne zimefungwa kwa mpira pembeni ya mashine.